Nekesa Hataki Kuondoka Kabla Hujambariki

Nekesa amechaguliwa! Nekesa wetu, Mama Wanjiru, yule uliyekuwa ukimfinya masikio akikataa uji, anaenda ng'ambo kufanya utafiti wa saratani ya mapafu! Soko lote la Toi limeshajua. Hata mtu akija kuangalia sweta tu, haondoki kabla sijamwambia.

Salamu sasa. Natumaini huko Kawangware mmepata pa kulala na miguu yako imetulia. Simu yako haipatikani tangu Januari, ndiyo maana barua hii nimempa mchungaji wa kanisa unakosali siku hizi aisome mbele ya watu. Wacha wasikie yote.

Unakumbuka ile eksirei ya marehemu Baba Nekesa? Kioo cha dirisha kilivunjika nikiwa bado na matanga, ukaniambia, "Mama Nekesa, hii ni ngumu kuliko kioo," ukaipigilia misumari dirishani. Asubuhi jua likapiga, mbavu zikaonekana zote, na Nekesa akapiga kelele: "Nyinyi wamama! Moyo wa baba mmeuweka kulia!" Tulicheka mpaka tukalia. Akaigeuza mwenyewe, akabaki hapo na daftari, anachora. Nilitaka kumtuma maji, ukanikataza: "Huyu mwache. Maji nitachota mimi."

Sasa sikia kazi yake, nimeishika vizuri. Jeni ni kama sufuria za nyumba: zote zipo, lakini si zote ziko motoni. Madaktari hukata kipande cha uvimbe ndio wajue zipi zinapika. Nekesa na wenzake watalinganisha vipande hivyo na picha za skani za wagonjwa wale wale, waone kama picha peke yake inaweza kudokeza kinachopikwa ndani. Yeye anasema bado hawajui kama itawezekana. Mimi najua.

Lakini kuna jambo. Siku ile ya fujo, vijana walipoingia kwa ploti tulikopanga wakiuliza watu kabila, ulinigongea ukiita, "Mama Nekesa, nifungulie!" Sikufungua. Niliogopa, nikakaa kimya kama hakuna mtu. Nekesa alikuwa chuoni. Nilipomwambia, hakunigombeza. Alisema tu, "Siendi popote kabla Mama Wanjiru hajaniwekea mkono kichwani." Na tiketi imeshakatwa, na mtoto huyo unamjua kwa ukaidi.

Najua huku kwetu Laini Saba huwezi kuingia sasa, na sitakuomba uje. Sherehe tunaihamishia kwako. Wamama wote wa ploti wamekubali, wale wa Machakos na sisi wa Bungoma; kuku na chapati tutabeba, mchungaji atatuonyesha nyumba. Nitakuomba msamaha mbele yao wote. Ukiona huwezi kunitazama, nitabaki barabarani, lakini binti yako mpokee.

Mimi jirani yako, ukinikubali bado,
Mama Nekesa

Jumamosi hii, saa nane mchana, sote tunakuja.