Chupa Sita Nilizozika

Soweto,
Mbeya.
Jumanne, 17 Juni 2025

Mpendwa kaka Ezron,

Bwana asifiwe! Mnaendeleaje hapo Ipogolo, na mguu wa wifi umepona? Huku baridi ya Juni inatutesa, lakini uzima tunao.

Kaka, nimeharibu. Aliyekupa barua hii, mpwa wako Atuganile, hajui nilichoandika. Siku mbili hajala chakula changu.

Ijumaa alileta boksi dogo. Umeme wa maabara anakosomea ulikatika, akaliweka kwenye friza yangu, juu ya kuku wa Jumapili. Akasema, "Mama, usiliguse," akaenda Igawa kikazi. Jumamosi nikaona karatasi yake ni ya Kiingereza, nikampelekea Shobha wa dukani anisomee. Alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mama Atu, hizi ni protini za damu ya binadamu. Zimekatwa vipande, zikasafishwa. Za utafiti."

Damu ya mtu! Juu ya kuku wangu! Nilikaa palepale kwenye gunia la mchele. Simu ya Atu ikawa haipatikani. Unajua mama alivyotulea: damu ya mtu haitupwi, inafukiwa, hata ya uzazi. Nikamwita mzee wa kanisa, tukazifukia chupa zote sita zilizokuwamo bokisini migombani, tukaomba. Kuku nilimtupa.

Jumapili Atu akarudi.

"Mama, boksi liko wapi?"

"Nimelizika."

"Umelizika?"

"Kwa heshima zote, mwanangu. Na wimbo."

Akakaa sakafuni. Afadhali angelia. Kumbe mle mlikuwa na matone machache yaliyogandishwa, wameyasubiri kutoka nje miezi mitano, na yakishayeyuka ndiyo basi. Bila hayo hamalizi shahada mwaka huu. Tulifukua kwa mikono. Alizitazama chupa, akazirudisha udongoni mwenyewe.

Jana nilikwenda kwa mwalimu wake, nikamwambia mkosaji ni mimi. Baba wa watu alinipa kiti. Kisha akasema yuko daktari huko kwenu Iringa aliyebakiwa na chupa mbili. Ndiyo safari hii. Nakuomba umsindikize, kaka, wewe una maneno. Akinyimwa, usimwache arudi peke yake.

Msalimie wifi na mkwe wetu Liberatus. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ila mshtuko haujaniisha. Aliyetoa damu ile ni nani? Mama yake anajua? Namwombea kila asubuhi. Atu usimwambie.

Dada yako akupendaye,
Damari