Sukari ndani ya dengu zangu

Shosti, uko? Nimejifungia chooni. Nimekwisha.

Si unajua ile fangasi yangu ya huko chini isiyosikia dawa? Nikaacha sukari, maana ndiyo inayoilisha, nikaacha mkate, nikawa najipikia dengu tu, za kuchemsha, za kukaanga, za kusaga, mpaka mume wangu akaniita Mama Dengu. Wiki tatu! Na kuwashwa kunazidi.

Leo mchana mama mkwe kanipakulia mwenyewe. Naonja, TAMU. Nikamuuliza, mama, umetia nini humu?

Akacheka. "Sukari, mwanangu. Kila siku natia kijiko ukigeuka, leo nimeongeza. Huli peke yako siku hizi, mtoto anataka nguvu."

MTOTO!!!

Kumbe kuchagua chakula, kukimbilia chooni kila saa, yeye kashapiga hesabu zake. Akapiga na kigelegele, meza nzima inanitazama. Shosti, kigelegele!

Nikataka kusema ni fangasi tu, si mimba. Ningesema nini mbele ya baba mkwe?

Mume wangu kainamia sahani, analia. Miaka sita tunangoja.

Sasa yuko hapa nje ya mlango. Anagonga taratibu, ananiambia sakafu ina maji, nisije nikateleza.