Ngozi Ikauke Kwanza

Sange, 3 Septemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana. Habari za Kalundu, na mdogo wangu Ornella anaendeleaje? Mimi si mzima. Nina mpox, vipele vimefika mpaka mapajani. Mume wangu Gédéon alipoviona alisema, "Hii iko magonjwa ya malaya. Weye uliitoa kwa mwanaume gani?" Akanipiga kwa mkanda juu ya vidonda.

Simu ameichukua Gédéon. Barua hii naipitisha kwa Honorine, yule mama wa relais anayetembelea wagonjwa. Mama, naomba kitu kimoja tu: nirudi nyumbani.

Binti yako, Eliane

Kalundu, 8 Septemba

Mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Sisi tupo, ila ndagala wamekuwa haba ziwani. Barua yako imenitoa machozi. Lakini redio inasema mgonjwa asisafiri, na humu tunalala chumba kimoja na Ornella. Wakisikia mpox imeingia kwangu, nani atanunua samaki wangu? Ngozi ikauke kwanza.

Na desturi unaijua, mke haondoki kwa mumewe bila mshenga. Nimempa mshenga wenu Octave barua yako, aende akaongee na wakwe zako kwa heshima. Vumilia, unywe dawa.

Mama yako

Sange, 22 Septemba

Mama,

Jambo. Natumaini mko wazima. Octave alifika, akapewa kiti na bia, akaisoma barua yangu kwa sauti mbele ya Gédéon na baba yake, kila neno, hata lile la mkanda. Walicheka, Mama. Octave naye alicheka. Alipoondoka, Gédéon alifunga mlango. Sikio langu la kushoto halisikii tena.

Magamba yote yamedondoka. Kwenye karatasi yake Honorine ameandika: amepona. Sasa naweza kusafiri, atanitafutia pikipiki Jumamosi. Niambie tu nije.

Binti yako

Kalundu, 25 Septemba

Mwanangu,

Bwana asifiwe, umepona! Nimewaambia akina mama wote wa kanisa. Basi ugonjwa uliowagombanisha umekwisha, unakimbia nini tena? Octave anasema Gédéon ana hasira za karibu lakini anapoa upesi. Ukirudi hapa umeachika, nani atakuja kumposa Ornella? Hiyo Jumamosi mpikie vizuri, mkae mzungumze.

Mama yako anayekupenda

Kalundu, 19 Oktoba

Eliane mwanangu,

Habari za siku nyingi? Mimi si mzima. Leo Honorine amenirudishia barua yangu ya mwisho, haijafunguliwa. Ameileta hapo kwenu mara tatu, hakukuti. Anasema viatu vyako viko mlangoni na kitenge chako bado kiko kwenye kamba. Nimempigia Gédéon mwenyewe. Akanijibu taratibu kabisa, "Mama, si iko kwako? Alisema anarudi kwa mama yake."

Humu ndani tuko wawili, mimi na Ornella. Najua hivyo, na bado niliinuka nikatazama nyuma ya pazia. Ninaogopa, mwanangu. Ninaona haya hata kuandika jina lako.

Barua hii sijui nimpe nani aipeleke.

Mama yako