Kura ya Dokta na Majibu ya Luberizi

Siku ya kwanza ya juma, 6 mwezi wa tatu

Makohozi kumi na mawili. Damu za malaria, nyingi. Mikojo sikuhesabu. Mikroskope ya pili bado haina taa, kwa hiyo nafanya kazi karibu na dirisha, na leo mvua haikuacha. Macho yanauma.

Saa ine Dokta Cishugi, mukubwa wetu wa labo ya hospitali hapa Bukavu, alituita sote. Alivaa abakosi mpya, koti la wakubwa lisilo na tai. Ametangaza kile tulichokuwa tumekwisha kukisikia kwenye korido: anagombea kiti cha makamu wa rais wa Shirikisho la kimataifa la labo za hospitali. Kura zitapigwa Ulaya, tarehe ishirini. Kabla ya hapo wageni watatu wa Shirikisho wanazunguka kuona labo za wagombea. Kwetu watafika tarehe kumi na sita.

Tukapiga makofi. Mimi pia, na kwa moyo. Akishinda, nafasi moja ya masomo ya mwaka mzima huko Ulaya itakuja kwetu, na ameniahidi mimi. Nina miaka arobaini na moja. Naitaka ile nafasi. Sitajidanganya hapa.

Siku ya pili, 7 mwezi wa tatu

Wanapaka kuta rangi. Harufu inapanda kichwani.

Dereva wa lori la mupunga ameleta kifurushi kutoka Luberizi, kule bondeni. Kimetumwa na Kashindi, infirmier anayetibu watu peke yake kwenye dispensaire ya kule. Tulisoma pamoja kwa masista. Tangu siku zile ananiita dada. Chupa tatu za penisilini zilizofungwa kwa plasta. Ndani, choo cha wagonjwa, cheupe kama maji ya kuoshea mupunga. Barua fupi: watu wanaharisha bila homa na bila damu, wanakauka kwa siku moja. Anataka majibu upesi ili ajue la kufanya.

Niliweka tone kwenye kioo. Vijidudu vimepinda, vinakimbia huku na huku kama vinafukuzwa. Sijapata kuviona ila kwenye kitabu cha masista. Nimevipanda kwenye sahani za kijani za kuoteshea vijidudu.

Siku ya tatu, 8 mwezi wa tatu

Sahani zote tatu zimegeuka njano. Nikatia serumu ya kupimia. Ikaganda papo hapo. Kolera.

Nilimuita Dokta. Alitazama mwenyewe, muda mrefu. Kwenye mikroskope hakuna anayemushinda, hilo nalisema hata leo. Kisha akafunga mulango.

“Maman Nsimire, tukitoa hili neno leo, barabara zinafungwa. Bageni habafiki.”

“Na batu ya Luberizi, Dokta?”

“Siku nane tu. Nikishapata kile kiti, nitaleta dawa, chanjo, kila kitu, Kivu nzima. Kwa sasa andika hakuna kitu.”

Hakupandisha sauti. Alinishika bega kama kaka. Nadhani anayaamini anayoyasema. Hilo ndilo baya zaidi.

Nimeandika. Kwenye rejista, na kwenye karatasi ya Kashindi: hakuna vijidudu vya hatari. Mwandiko wangu, sahihi yangu. Karatasi imeondoka na lori saa kumi.

Siku ya ine, 9 mwezi wa tatu

Sikula. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya primaire na si mutu wa kuuliza-uliza, aliniuliza nina nini. Nilimuambia. Kisha akasema mutu anayempinga mukubwa wake tunajua anaishia wapi, na sisi tuna watoto.

Kweli. Lakini haikunisaidia. Naogopa na nina haya. Vyote viwili kwa pamoja.

Siku ya posho, 11 mwezi wa tatu

Barua ya Kashindi. Amenishukuru.

Anasema majibu yangu yamemutuliza. Amewaambia watu si ugonjwa wa kuambukiza, labda ni unga wa muhogo ulioharibika. Wagonjwa amewalaza chumba kimoja na wanawake waliojifungua, kwa kuwa nafasi hakuna. Jamaa wanaosha maiti zao kama kawaida. Maji wanachota kwenye mifereji ya mashamba ya mupunga, kama kawaida. Waliokufa ni tisa.

“Bila karatasi yako, dada, ningekuwa nimewatia watu woga bure.”

Nimeikunja barua nikaitia ndani ya rejista.

Siku ya Mungu, 12 mwezi wa tatu

Misa. Sikupokea komunyo. Padri aliniona nimebaki kwenye benchi. Sikumungoja nje.

Siku ya kwanza, 13 mwezi wa tatu

Nilimupelekea Dokta barua ya Kashindi. Aliisoma mara mbili. Akaketi. Kwa mara ya kwanza nilimuona ana woga, na kwa kitambo kidogo nikafikiri imekwisha, atasema.

“Siku tatu, Maman. Siku tatu tu.”

Alifungua kabati yake mwenyewe akanipa boksi moja la maji ya kutia kwenye mishipa. Niyatume Luberizi, nisiseme ni ya nini. Nikayapokea. Nimemuandikia Kashindi achemshe maji ya kunywa na atenge wagonjwa, kwa usalama tu. Kwa usalama tu. Ningeweza kuongeza neno moja. Sikuongeza.

Siku ya tatu, 15 mwezi wa tatu

Lori lenye boksi limekwama kwenye matope ya mulima wa Ngomo tangu jana. Dereva wa lori lingine ndiye ameniambia. Hakuna anayejua litatoka lini.

Hapa tunapanga maua kwenye chupa. Otoklave ya materinite, chombo cha kuchemshia vifaa vya kuzalishia, imehamishiwa kwetu kwa siku moja ili wageni waione. Sijui leo materinite wanachemshia wapi vyombo vyao. Sikuuliza.

Siku ya ine, 16 mwezi wa tatu

Wamekuja. Wanawake wa animation, kundi la nyimbo za chama, walicheza kwenye ngazi, mvua ikawanyeshea, wakaendelea kucheza.

Wageni wawili walikuwa wanatazama saa zao. Wa tatu, muzee mwenye nywele nyeupe na masikio mazito, alikaa kwenye kiti changu akatazama vioo vyangu kimoja kimoja. Alisema ni safi. Aliniuliza kwa Kifaransa ni nini ninachokiona zaidi. Nikasema minyoo na malaria. Akauliza kama tuna kolera, kwa sababu amesikia imefika nchi za jirani.

Nikasema hapana.

Aliandika kwenye daftari lake. Dokta alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake ikishuka. Muzee alinipa mukono mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Ni mutu mwema. Angenisikiliza. Nilikuwa naye robo saa nzima, kiti kwa kiti.

Siku ya tano, 17 mwezi wa tatu

Dokta amepanda ndege asubuhi pamoja na wageni. Anaenda kwenye kura zake.

Saa sita dereva wa lori la mupunga alifika. Hakuteremusha hata mizigo kwanza. Alisimama mulangoni na kofia mukononi.

“Maman, Kashindi njo amelala sasa. Tangu jana. Anaharisha kama bale bengine.”

Boksi la maji ya mishipa limefika jana jioni. Hakuna aliyejua kumutia sindano. Yeye ndiye aliyekuwa anajua.

Sikumungoja mutu. Nilifungua rejista, nikakata ule mustari, nikaandika chini yake: kolera, imeonekana tarehe 8. Sahihi. Nikatoa kopi, nikaipeleka mwenyewe kwa muganga mukaguzi wa région, yaani wa Kivu yote, nikamukabidhi mukononi. Aliniuliza kwa nini tarehe ni ya siku tisa zilizopita. Nilimueleza yote, nikianza na kosa langu mimi. Alichukua simu.

Mume wangu amenifungia nguo za kwenda Luberizi kwenye kitenge. Hakunizuia. Hakunibariki pia.

Siku ya posho, 18 mwezi wa tatu

Luberizi. Tulitoka alfajiri, nikiwa mbele pamoja na dereva, maboksi mane ya maji ya mishipa kwenye magoti na miguuni. Ngomo ilikuwa imekauka kidogo. Kufika Kamanyola, mwanzo wa bonde, joto lilikuwa limetukamata.

Kashindi alikufa saa tatu asubuhi. Nilifika saa saba.

Alikuwa bado kitandani. Macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mutu aliyefua nguo siku nzima. Sikumutambua mara moja. Alikuwa mutu munene, mwenye kicheko.

Mukewe, Feza, alinikumbatia.

“Dada ya Kashindi, umekuja. Alisema utakuja.”

Nilimuambia asimuoshe mume wake, asimuguse, tumufunike kwa chokaa na kumuzika leo leo. Wanawake wa familia walianza kunung'unika. Feza akawanyamazisha, kwa sababu mimi ndiye niliyesema, na Kashindi siku zote alisema nasema kweli.

Amezikwa saa kumi. Sikulia. Niliona aibu kulia mbele ya Feza.

Siku ya pili, 21 mwezi wa tatu

Timu ya région imefika tangu siku ya Mungu. Mahema, klori ya kusafishia maji, maji ya mishipa. Mifereji wameikataza, watu wanakwenda mbali kuchota. Ninatia sindano, ninahesabu matone, ninabadilisha chupa. Mishipa ya watoto haionekani. Wawili wamenifia mukononi, mmoja leo. Wengi wanainuka. Jana mutu alikuwa kama maiti, leo anaomba bugali. Ni ugonjwa mwepesi kutibu ukijua jina lake. Najirudilia hilo mpaka kichwa kinauma.

Saa saba redio ya dereva wa timu ilisema mwananchi Dokta Cishugi amechaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho, kwa kura nyingi. Wimbo ukafuata. Ndani ya hema mutu alipiga makofi. Mama mmoja aliyekuwa ameshika chupa ya mutoto wake aliniuliza kama namujua huyo Dokta. Nikasema ndiyo.

Siku ya tano, 24 mwezi wa tatu

Feza ananiletea chakula kila siku, saa sita kamili. Mupunga na samaki wadogo. Anasimama pale mpaka nimalize, kwa sababu anaona nimekonda. Watoto wake bane, wawili wakubwa na wawili wadogo, wanamufuata nyuma. Mudogo wao wa mwisho ananiita tantine, kama shangazi yake.

Nakula. Kila tonge najiambia, mwambie sasa. Nashukuru, natoa sahani, anaondoka.

Siku ya tano, 31 mwezi wa tatu

Nimerudi Bukavu tangu juzi. Kule wagonjwa wapya wamepungua sana, timu ikaniachilia.

Leo Dokta amepokelewa hospitalini. Maua, animation, hotuba. Alisema labo yetu ndiyo iliyoitambua kolera ya Luberizi, na kwamba huko Ulaya walilisifu jambo hilo. Hakusema uongo. Ni labo yetu iliyoitambua.

Baadaye aliniita ofisini. Barua ilikuwa tayari mezani: nahamishiwa Shabunda, kwenye dispensaire, kuanzia mwezi ujao. Labo hakuna. Ndege inafika inapotaka. Kwenye masomo ya Ulaya atakwenda mwingine. Sikushangaa, na sikuumia kama nilivyofikiri.

Hakunitazama. Alipanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari.

“Yule infirmier,” akasema, “alikuwa na batoto ngapi?”

“Bane.”

Akaandika kwenye karatasi: bane. Akabaki anaitazama. Nilitoka, nikafunga mulango taratibu.

Nilikuwa nimetaka kumuchukia. Ningeweza, kama mwandiko kwenye ile karatasi ya Luberizi ungekuwa wake.

Siku ya ine, 6 mwezi wa ine

Feza alikuja nyumbani asubuhi. Anahamia kwa wazazi wake, upande wa kaskazini, na lori alilopanda lilikuwa linapumzika mujini kwa muda wa saa mbili. Watoto wawili wakubwa alikuwa amewaacha na mizigo, wadogo wawili aliwaleta. Niliwapa chai na mukate. Mume wangu akawapeleka watoto uani kuona sungura.

Alisema amekuja kunishukuru kabla ya kuondoka. Kwamba bila mimi na timu, kijiji kingeisha.

Nikamuambia. Nilisimama ili kumuambia, kisha nikaona bora nikae. Nilianza na zile chupa tatu. Nilimuambia niliona nini, tarehe gani, nani aliniambia niandike nini, na kwamba niliandika. Sikuficha habari ya masomo ya Ulaya. Sikujificha nyuma ya Dokta.

Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakukiweka chini.

“Kama ungeandika kweli ile siku,” akasema, “angepona?”

Mutu anaweza kujibu kwamba hayo anayajua Mungu peke yake. Nililifikiria jibu hilo.

“Asingeugua,” nikasema.

Nje watoto walikuwa wanacheka. Alimaliza chai yake, polepole, hadi mwisho. Akakiweka kikombe kwenye sahani, akasimama, akafunga kitenge vizuri, akawaita watoto wake kwa majina.

Niliwafuata mpaka kwenye barabara kubwa, nyuma yao kidogo. Hakunikataza. Nilimuinulia mutoto mudogo kwenye lori, akamupokea kutoka mikononi mwangu. Kisha akageukia mbele.

Lori liliondoka saa ine na nusu. Nimerudi nyumbani. Nimeanika shuka. Sasa nakunja nguo za kwenda Shabunda.