Pasipoti ya Elisifa

Jumatatu, 3 Juni 2024

Miaka tisa nimesema uongo mmoja. Nimemwambia mchungaji, nimewaambia shemeji zangu, nimewaambia wote waliokuja msibani. Kwamba mke wangu Elisifa alikataa kurudi nyumbani. Kwamba aliwapenda wajukuu mno, akaamua kubaki Marekani mpaka Mungu alipomchukua.

Si kweli. Elisifa alitaka kurudi. Mimi ndiye niliyemzuia. Jinsi nilivyomzuia – mkono bado unakataa kuandika.

Juzi mjini daktari wa moyo alizungumza na Gladness badala ya kuzungumza na mimi. Hapo nilijua. Gladness ni binti wa marehemu kaka yangu, ndiye anayenitunza. Tulipotoka akaninunulia soda, ile ile aliyonikataza mwaka mzima. Mzee akinunuliwa soda namna hiyo, ameshahukumiwa!

Nina miaka themanini na minne. Daftari hili si la mtu kusoma.

Jumatano, 5 Juni

Ukungu tangu asubuhi. Mlima hauonekani, hata zizi la jirani halionekani.

Majirani zangu walikuja, Sifael na mkewe Priska. Sifael nilimfundisha jiografia kidato cha pili. Sasa naye amestaafu, alikuwa afisa wa kahawa wa chama cha ushirika. Mtoto wao Lucky yuko Kanada na visa zimetoka. Wanaondoka tarehe ishirini na mbili, kwa miezi mitatu.

– Mwalimu, wewe umeishi ng'ambo karibu miaka minne. Tuandikie ya kufanya, moja mbili tatu. Mimi bado ni mwanafunzi wako.

Priska aliuliza jambo moja tu. Ng'ombe wake atazaa mwezi wa kumi. Miezi mitatu si itakuwa imekwisha, amekwisharudi? Sifael akamjibu kwamba ng'ombe hahitaji mkunga mwenye visa. Tulicheka. Priska alicheka kidogo, kisha akaangalia mikono yake.

Namjua mwanamke anayeangalia mikono yake hivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeanza orodha ya Sifael. Kalamu inatetemeka, kichwa kipo.

Meno yatibiwe hapa kabla ya safari. Dawa za presha za miezi mitatu, na barua ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, si jina la boksi. Bima ya afya ianze siku ya kutua, si wiki inayofuata. Makoti na viatu vinunuliwe huko huko – baridi ya Machame ni ya kujifunika, ile ni ya kuvunja mifupa. Uhakiki wa pensheni: waulize mapema unafanywaje mtu akiwa mbali, wasije wakahesabiwa marehemu. Kihamba, shamba la ukoo, kiachiwe mtu kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Migomba na kahawa inaweza kusubiri, lakini makaburi ya wazazi yanataka mtu wa kuyatunza. Wakubaliane na Lucky tangu mwanzo siku za kulea wajukuu na siku za kupumzika. Kila mmoja ajifunze njia moja ya kwenda kwa miguu, kanisani au dukani, bila kusindikizwa.

Na kila mmoja awe na ufunguo wake wa nyumba. Hili nimelipigia mstari. Mwaka wa kwanza Elisifa hakuwa nao. Akienda kutupa taka alikuwa anauzuia mlango kwa kiatu.

Hayo ni tisa. La kumi nalijua. Sijaliandika.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani sikwenda, miguu imevimba. Kengele niliisikia.

Niseme ukweli: niliipenda Minnesota. Hapa nilikuwa mwalimu mstaafu, mmoja kati ya wengi, ninayesubiri gazeti la juzi. Kule walinipa kadi ya maktaba siku ya kwanza – vitabu kumi na viwili kwa mara moja! Kanisani wakanipa darasa la watu wazima, niwaeleze Afrika. Mzee mmoja aliniita Profesa. Sikumsahihisha.

Elisifa alikuwa na nini? Wajukuu wawili wasiojua Kichagga. Jiko la umeme alilokuwa akiliogopa. Dirisha. Binti yetu Kindness ni muuguzi, zamu zake zilikuwa za usiku na mchana analala. Kwa hiyo Elisifa alitembea kwa soksi, akaongea kwa kunong'ona. Mwanamke aliyezoea kumwita jirani kutoka upande wa pili wa mfereji! Karibu miaka minne alinong'ona.

Mwaka wa pili aliniambia: Baba Kindness, mimi nirudi. Wewe baki, sitakukasirikia.

Lakini angerudi peke yake watu wangeuliza: Mwalimu amemwacha mkewe? Ningelazimika kumfuata. Sikutaka kumfuata. Nilitaka vyote viwili, maktaba na mke.

Jumanne, 11 Juni

Gladness alikuwa anapunguza masale, mimea yetu ya mpakani. Priska alikuwa upande wake, anakatia ng'ombe majani. Niliwasikia nikiwa barazani.

– Mae! Gladness, usiyatupe yote, nipe moja niende nalo.

– Dada Priska, jani la isale Kanada utampelekea nani?

– Nijuaje? Nikikosana na mke wa Lucky je? Huko nitalipata wapi?

Gladness akamwambia huko wanaombana msamaha kwa simu, mtu anatuma kikatuni kinacholia, basi. Wakacheka mpaka mbwa akabweka.

Elisifa naye alibeba. Majani matatu, ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Nilimdhihaki uwanja wa ndege, nikamwambia Mmarekani atayaona ni majani tu. Akasema yeye hajambebea Mmarekani. Akikuletea jani la isale lililofungwa fundo mtu wa kwetu, huna ruhusa ya kukataa kumsamehe. Hata mtoto wa chekechea anajua hivyo.

Alhamisi, 13 Juni

Leo naandika.

Pasipoti yake niliificha mimi. Machi 2013. Kindness alikuwa ameanza kumtafutia mama yake tiketi. Niliitoa kwenye mkoba wake akiwa anaoga, nikaiweka ndani ya atlasi yangu kubwa, ukurasa wa Bahari ya Pasifiki, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba ile ambaye angefungua.

Aliitafuta wiki mbili. Akamwaga masanduku. Akapekua mifuko ya makoti, kopo la unga, mashine ya kufulia. Na mimi nilimsaidia kutafuta! Niliinama chini ya kitanda na tochi!

Nikawaambia yeye na Kindness, mniachie mimi, nitaandika ubalozini waitoe nyingine. Kila Jumatatu aliuliza: hawajajibu? Nikajibu: bado. Barua yenyewe sikuandika hata mstari mmoja. Niliwaza, akizoea atasahau.

Alikufa Januari 2015. Mapafu, wiki tatu. Kurudi alirudi. Hati za jeneza zilitengenezwa kwa nakala ya pasipoti iliyokuwa kwenye faili la Kindness. Yeye alisafiri chini, pamoja na mizigo. Mimi nilikaa juu, kiti cha dirishani.

Yuko hapo nyuma ya kahawa. Kutoka kitandani kwangu naona msalaba.

Jumapili, 16 Juni

Kindness amepiga simu ya video. Atakuja Desemba. Nikamwambia njoo mapema kidogo. Akalia, kisha akazungumzia mambo ya mama yake. Akasema zile barua zingefika upesi, Mama angefia nyumbani.

Nikasema: ndiyo, mwanangu.

Ndiyo!

Jumatano, 19 Juni

Sifael amekuja kuchukua orodha. Aliisoma kwa sauti, amesimama, kama zamani darasani. Kwenye ufunguo akacheka, akaniita mzee kwa Kichagga: Meku, mwanamke mwenye ufunguo wake atakuwa anakwenda wapi kwenye theluji?

Kisha akaniuliza kwa nini ni tisa. Mwalimu gani anaishia tisa?

Nikasema nimechoka.

Akatoa pasipoti mbili mfukoni mwa koti, zimefungwa pamoja kwa mpira. – Zote nazishika mimi. Wanawake na karatasi, Mwalimu! Kitambulisho chake cha kura kilipotea sokoni Bomang'ombe, kikarudishwa na muuza nyanya.

Akavuta kiti karibu. Akaninong'oneza kwamba Priska anajua ni miezi mitatu, lakini Lucky anawataka wakae. Tiketi ya kurudi ataisogeza mbele, kisha tena. Hatamwambia sasa, maana atagoma kupanda gari. – Akizoea atasahau. Si hata Mama Kindness alizoea, mpaka akakataa kurudi? Wewe mwenyewe ulisema kwenye msiba.

Mimi mwenyewe nilisema kwenye msiba.

Hapo nilikuwa na nafasi. Mdomo nilifungua. Nikamwambia asisahau kofia ya sufu.

Alhamisi, 20 Juni

Sikula. Gladness alileta mtori, akaurudisha. Akaniambia nikifa na njaa ukoo utamla yeye.

Wanaondoka keshokutwa.

Ijumaa, 21 Juni

Sifael yuko Moshi mjini, anaagana na watu wake. Nimemtuma Gladness amwite Priska, peke yake. Amefika sasa hivi. Namsikia sebuleni.

– Shikamoo yake nitampa akitoka. Anafanya nini huko ndani?

– Anaandika. Siku hizi anaandika kuliko waziri.

– Mwambie asiharakishe. Nguo nimeshapanga. Nimemaliza kulia pia.

Gladness anamcheka, anamwekea chai. 

Atlasi iko mapajani mwangu. Pasipoti ipo pale pale, kona zimejikunja. Kwenye picha Elisifa amekaza macho kama mtoto anayepimwa urefu. Nitampa Priska ushauri wa kumi kwa mdomo: pasipoti yako ishike mwenyewe, na tiketi yako, na tarehe yake uijue. Ataniuliza kwa nini. Nitamwonyesha hii. Kisha atakwenda kumwambia mumewe, na mumewe atawaambia watu, na Kindness atapigiwa simu kabla sijampigia mimi. Iwe hivyo.

Lakini kwenye ukurasa huu wa Pasifiki kuna kitu kingine pia. Nikikitoa mbele ya Priska nitashindwa kumaliza. Kwa hiyo nakiandika hapa kwanza.

Novemba 2014. Jumapili mchana. Kindness kazini, watoto wanatazama katuni. Elisifa alikuja mbele ya kiti changu, amefunga kitenge juu ya sweta. Akapiga magoti – magoti yale mabovu, yaliyokuwa yakimliza kwenye ngazi. Mikononi ameshika jani la isale, moja kati ya yale matatu. Lilikuwa kavu, kwa hiyo alikuwa amelilowesha kwenye maji ya moto ili likubali kufungwa fundo. Lilikuwa bado linadondosha maji kwenye zulia.

Akasema: Baba Kindness, nisamehe. Nimekupotezea pasipoti. Nimekusumbua na barua za ubalozi mwaka na nusu. Sitauliza tena.

Atlasi ilikuwa kwenye rafu, nyuma ya kichwa changu.

Gladness anaita, chai inapoa. Nakuja!

Jani nililipokea, kwa mikono miwili. Nikamwambia nimemsamehe.