Kisu cha Mkono wa Kulia

Shangazi mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unicheke, maana jambo lenyewe ukilitazama juu juu ni kisu tu, lakini mimi limeninyima raha na sina wa kumwambia, dada yangu nikimwambia atacheka mpaka mtaa mzima ujue.

Mume wangu ni mpishi katika kantini ya hospitali, na tangu tuoane anakata vitunguu vya wagonjwa kwa kisu kile kile, kisu cha mpini wa mbao uliozungushwa uzi, kimenolewa na kunolewa mpaka kimebaki kama utepe, nami nilijiapiza kwamba siku nikipata nafasi nitamtafutia kisu cha maana. Basi kazini kwetu, ambako nasimamia chumba cha kukatia vitambaa, nikachaguliwa kwenda ng'ambo kujifunza mashine mpya, na siku ya mapumziko wenzangu wakakimbilia manukato na viatu, mimi nikaulizia visu, nikaelekezwa kwenye uchochoro wenye karakana ya mzee anayefua visu kwa mkono kama walivyofua baba yake na babu yake, chuma kinawaka, nyundo zinalia, na jamani Shangazi, vile visu vilivyopangwa ukutani, nilisimama nikasahau hata njaa. Lugha hatuelewani, kwa hiyo mzee akaniuliza kwa vitendo, akainua mkono mmoja, akainua na wa pili, akaigiza kukata, maana yake mwenye kisu anashika kwa mkono gani. Nikafumba macho nikamwona mume wangu jikoni kwetu, yeye upande ule wa meza, mimi upande huu na chai yangu, kisu kinakwenda ta-ta-ta-ta, kiko huku upande wangu wa kulia, nikainua mkono wa kulia bila hata kujishauri. Mzee akanichagulia, akakifunga kwa karatasi nene, nikarudi nacho nyumbani kwenye sanduku katikati ya masweta, nimejaa furaha kama bibi harusi.

Mume wangu ni mashoto, Shangazi.

Si kwamba sikujua. Anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, anasalimia watu kwa kulia, kwa sababu alipokuwa mtoto walimu waliuchapa huo wa kushoto mpaka ukasalimu amri, kisu tu ndicho walichokisahau. Na hiki nilichomletea, nimekuja kukitazama vizuri baadaye, kimenolewa upande mmoja tu, upande wa pili ni bapa kabisa, ukikishika kwa kushoto kinapinda ndani ya kitu unachokata na kwenda kinakotaka chenyewe. Na mimi kazini ndiye ninayewatafutia mashoto mikasi yao!

Nilipompa alikibusu. Haki ya nani alikibusu, akasema, "Mke wangu, hiki ni cha mfalme, mimi nitakipeleka wapi?" Cha zamani akakifunga kitambaa akakilaza chini kabisa kwenye droo, kipya akaanza kwenda nacho kazini, na mimi nikaanza kuona plasta, leo kidole hiki, kesho kile, nikimuuliza ananijibu, "Mgeni huyu, bado hatujazoeana." Juzi umeme ulikatika kazini tukaruhusiwa mapema, nikaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma nikamkuta amenipa mgongo, anakata karoti kwa mkono wa kulia, pole pole, kichwa kimelala upande kama mtoto anayejifunza kuandika, vipande vingine vinene vingine vyembamba, na anajisemesha mwenyewe, "Taratibu baba, taratibu, utauzoea." Nikarudi nje kwa kunyata, nikakohoa, nikaingia upya. Nikakuta karoti zimefunikwa kwa sinia. "Umewahi leo!" akasema, na kisu kimeshahamia kushoto.

Shangazi, mtu huyu alishachapwa kwa ajili ya mkono wake, na sasa anajichapa mwenyewe kwa ajili yangu. Nikimwambia nimejua nitamwaibisha, nikinyamaza iko siku atakata kidole kizima, na mpishi bila vidole atakula nini? Na kinachoniliza zaidi ni hiki, mke gani hajui mkono wa mumewe? Miaka yote hii nilikuwa namtazama nini?

Mke wa Mashoto

*

Mke wa Mashoto, mwanangu,

Nimecheka, nisikudanganye, si ulinipa ruhusa mwenyewe. Nilipofika kwenye karoti nikavua miwani.

Nianze kukugombeza, tulimalize. Wewe unayeshinda na mikasi kutwa, ulishindwa kukigeuza kisu hata mara moja uone makali yako wapi? Haya, yamepita. Lakini umemkuta mtu anahatarisha vidole, unarudi nje unakohoa! Tangu lini kikohozi kikafunga jeraha? Aibu ya jikoni kati ya mke na mume inaisha kabla chai haijapoa. Na huyo bwana naye msalimie, umwambie Shangazi amemkasirikia. Ana mkono mzuri unaojua kazi, anakwenda kuufundisha wa pili ukubwani kwa kujificha, tena huko kazini anapikia wagonjwa. Wasije wakaletewa supu ya plasta.

Ila hilo la kusema hukuwahi kumtazama mumeo, hilo kwenye ukurasa wangu silipokei. Hebu isome tena barua yako. Ulipofumba macho mbele ya yule mzee, ulimwona mpaka upande wa meza anaokaa, ukamsikia mpaka mlio wa kisu chake. Kisu ulikiona kuliani kwako kwa sababu siku zote unakaa mkabala naye, uso kwa uso, na kushoto kwake ndiko kulia kwako. Mke asiyemtazama mumewe asingekosea hivyo, mama. Angemletea fulana.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Kabla hajarudi, fungua ile droo, toa kisu chake cha zamani, kifute, mwekee mezani upande wa mkono wake wa kushoto. Akiingia mwambie wazi, "Baba, nilikuona na karoti. Mkono nilikosea mimi. Nisamehe, na huo wako usiusumbue tena, ulishasumbuliwa vya kutosha." Sema kwanza, machozi yatakuja yenyewe. Atabisha, atakuambia kisu kizuri, ameanza kukizoea. Mwache aseme, lakini wewe usilegeze.

Kile kipya usimpelekee mnoaji akigeuze makali, atakiharibu, wala usikitundike sebuleni kama picha ya marehemu. Wewe unatumia mkono gani? Basi ni chako. Mwambie mpishi wako akufundishe kukata karoti, maana kwa barua hii naona kazi yako jikoni ni kunywa chai tu.

Na mkianza, usihamie upande wake. Kaeni pale pale mnapokaa siku zote, yeye kule na wewe huku, yeye na chake mkono wa kushoto, wewe na chako mkono wa kulia. Halafu inua macho utazame, mwanangu. Mikono yenu itakuwa upande mmoja.