Kamera Ndogo Mlimani Meru

Shikamoo Baba. Nakuandikia kutoka kibanda cha kwanza cha Mlima Meru, na ukungu umeingia mpaka kwenye kikombe changu cha chai.

Utanikasirikia. Kamera yako kubwa na lenzi zake tatu nimeziacha ofisini getini. Mzigo wangu ulipozidi kwenye mzani, Mama Neema, mpagazi wetu, aliuliza kwa upole, "Hivi vyuma vya picha atabeba nani, wewe au mimi?" Nikaona aibu. Nimepanda na ile ndogo ya lenzi moja, unayoiita ya watoto.

Mchana huu mbega alikaa kwenye tawi hapa karibu. Kwa ile kubwa ningekuwa bado nabadilisha lenzi. Nilisogea taratibu, nikampiga picha. Nimeikuza kwenye kioo cha kamera, na kila unyoya wa mkia unaonekana.

Nikafikiria bega lako la kulia, lilivyoshuka kwa miaka ya kubeba lile begi la kamera kwenye harusi za watu. Sijawahi kukuuliza kama linauma.

Mungu akutunze. Nikirudi nyumbani Moshono nitakuvisha hii ndogo shingoni, kisha nitakuuliza.

Mwanao,
Elisante